Duka la Pili Litaendeshwa na Nani?

Kati ya maswali yanayotufikia kutoka kwa wafanyabiashara wanaotumia till, moja halikosi: "Nitapata wapi mkopo nifungue duka la pili?" Ni swali zuri, na kuna wakati jibu lake ni mkopo tu. Lakini kabla hujajaza fomu, jiulize lingine ambalo wengi wetu hulipita. Siku utakapokuwa na maduka mawili, wewe utaweza kukaa katika moja tu. Hilo lingine litaendeshwa na nani?

Wengine hawahitaji hata kufikiria duka la pili ili waone tatizo hili. Ukiugua siku tatu, duka linafungwa. Ukienda mazishi ushago, duka linafungwa. Ukirudi unakuta wateja wamezoea duka la jirani. Biashara ya namna hiyo ina mtaji wa pesa, ina bidhaa, ina wateja, lakini ujuzi wote wa kuiendesha umekaa katika kichwa kimoja.

Mwaka 2016, utafiti wa Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, ulihesabu biashara ndogo na za wastani zipatazo milioni 7.4 hapa Kenya. Nyingi ni za mtu mmoja au wawili, na nyingi hazikui zaidi ya hapo. Wachumi wametumia miaka mingi kutafuta kwa nini. Leo tunakueleza baadhi ya waliyoyapata, kwa lugha ya dukani, kisha tukupe mambo machache ya kujaribu wiki hii.

Ujuzi nao ni mtaji

Tukisema "mtaji", wengi huwaza pesa taslimu, friji, cherehani, pikipiki. Wachumi Theodore Schultz na Gary Becker, wote wa Marekani, walisisitiza kwamba ujuzi wa watu nao ni mtaji. Unaugharimia leo, kwa pesa ama kwa muda, na unakulipa kesho. Kitabu cha Becker kuhusu jambo hili kilitoka mwaka 1964, na wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi: Schultz mwaka 1979, Becker mwaka 1992.

Becker alitenganisha aina mbili za ujuzi, na ukizielewa utaona biashara yako kwa jicho jingine.

Kuna ujuzi unaofaa popote. Fundi akimfundisha kijana kuchomelea vyuma, kijana huyo anaweza kuchomelea Gikomba, Kisumu ama Mombasa. Halafu kuna ujuzi unaofaa hapa kwako tu: kujua ni mteja gani hulipa deni na yupi hukimbia, ni saplaya yupi huleta unga ukiwa na upungufu, ni siku gani ya mwezi shule ya jirani hununua sabuni kwa wingi. Mfanyakazi akiondoka, ujuzi wa kwanza anaenda nao na unamfaa. Wa pili unapotea tu. Hata yeye hautamsaidia sana huko aendako.

Weka hilo akilini. Tutalirudia tukifika kwenye ule wasiwasi wa "nikimfundisha ataondoka."

Viwanda vya India: kazi ileile, mpangilio tofauti

Je, uendeshaji mzuri kweli unaleta pesa, ama ni maneno ya semina? Kundi la watafiti wakiongozwa na Nicholas Bloom walilijaribu swali hili katika viwanda vya kufuma vitambaa karibu na Mumbai, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Viwanda viligawanywa kwa bahati nasibu. Vyote vilitembelewa na washauri kwa mwezi mmoja ili kuona kasoro ziko wapi. Baadhi vikaongezewa miezi minne ya kusaidiwa kurekebisha kasoro hizo, bila malipo.

Hawakuletewa mashine mpya. Washauri walikuwa na orodha ya mambo 38, mengi ya kawaida kabisa: kuandika kila siku vitambaa vilivyoharibika na chanzo chake, kufanyia mashine sabisi kabla hazijaharibika, kuhesabu nyuzi zilizo stoo, kufanya kikao kifupi kila siku. Katika mwaka wa kwanza, uzalishaji wa viwanda vilivyosaidiwa ulipanda kwa asilimia 17. Ndani ya miaka mitatu, kampuni hizo zilikuwa zimefungua viwanda zaidi.

Sasa swali: kama ni rahisi hivyo, kwa nini hawakuwa wamefanya mapema? Sababu moja ni kwamba hawakujua. Wenye viwanda wengine hawakuwa wamewahi kusikia baadhi ya mbinu hizo, na wengine walidhani kwao hazingesaidia. Lakini kuna sababu nyingine ambayo mfanyabiashara wa Kenya ataitambua mara moja. Wenye viwanda hawakuwaamini mameneja wasio wa familia, kwa kuogopa kuibiwa. Kilichoenda sambamba zaidi na ukubwa wa kampuni, kuliko hata ubora wa uendeshaji, ni idadi ya wanaume wa familia waliokuwepo kusimamia. Kaka wakiisha, ukuaji unasimama.

Watafiti walirudi miaka kadhaa baadaye. Viwanda vilivyosaidiwa bado vilikuwa mbele, lakini karibu nusu ya mambo yaliyoanzishwa yalikuwa yameachwa. Wenye viwanda walitaja sana sababu mbili: meneja aliyejua kazi aliondoka, na mwenye kampuni alikosa muda wa kufuatilia. Kwa hivyo mpangilio mzuri ukikaa kwa mtu mmoja, akitoka unatoka naye.

Hapa kwetu: hasara ya chenji

Unaweza kusema hayo ni ya viwanda vikubwa, wewe una kioski. Basi tuje karibu.

Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson walifanya utafiti kuhusu biashara ndogo za Kenya, uliochapishwa mwaka 2014. Walichunguza kitu kidogo sana: chenji. Mteja anakuja na noti ya 1,000, anataka bidhaa ya 60, huna chenji. Ama unaacha duka ukimbie kwa jirani kuvunja noti, ama mteja anaondoka. Walikadiria kwamba biashara ya kawaida katika utafiti ilikuwa inapoteza kati ya asilimia 5 na 8 ya faida yake kwa sababu hiyo tu.

Piga hesabu yako. Tuseme faida yako ni shilingi 1,000 kwa siku. Asilimia 5 ni shilingi 50. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni shilingi 1,300. Kwa mwaka ni shilingi 15,600, na hiyo ni stoki nzuri ya kuongezea.

Kinachovutia zaidi ni jinsi tatizo lilivyopungua. Hakuna aliyepewa mkopo. Kundi moja lilitembelewa kila wiki na kuulizwa maswali kuhusu chenji. Kundi lingine lilionyeshwa wazi kiasi linachopoteza. Makundi yote mawili yalibadilika na kupoteza mauzo machache zaidi. Watu hawa walijua kazi yao vizuri, ila hakuna aliyekuwa amewauliza jambo hilo, na hawakuwa wakiliandika.

Ni rahisi kwetu kusema hapa, "Basi tumia till, chenji imeisha." Ni kweli kwamba anayelipa kwa simu hahitaji chenji, lakini bado una wateja wa pesa taslimu. Somo la utafiti huu ni pana kuliko chenji: hasara ambayo huiandiki huwezi kuiona, hata ikiwa inatokea mbele yako kila siku.

Darasa ama mtu wa mtaa?

Katika utafiti mwingine, David McKenzie na Susana Puerto walifuatilia wanawake zaidi ya 3,500 wanaofanya biashara katika masoko ya mashambani hapa Kenya. Baadhi walipewa mafunzo ya siku chache kwa mtaala wa Shirika la Kazi la Kimataifa, ILO. Miaka mitatu baadaye, waliofunzwa walikuwa wanauza kwa wastani asilimia 18 zaidi, na faida yao ilikuwa juu kwa asilimia 15. Watafiti waliangalia pia kama faida hiyo iliporwa kutoka kwa majirani wasiofunzwa. Hawakuona dalili hiyo. Masoko yenyewe yalionekana kukua.

Dandora, Nairobi, mambo yalikwenda tofauti. Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson waliwagawa wanawake wenye biashara changa. Wengine waliingia darasani, wengine wakaunganishwa na mfanyabiashara mwenye uzoefu wa eneo hilohilo. Darasa halikuongeza faida. Waliounganishwa na mwenye uzoefu waliongeza faida kwa wastani wa asilimia 20. Sababu kubwa ni jambo la kawaida kabisa: mwenye uzoefu alijua pa kununua bidhaa kwa bei nafuu. Lakini urafiki huo wa kikazi ulipovunjika, faida nayo ilishuka taratibu.

Usione kama tafiti hizi zinapingana. Mafunzo hutofautiana, masoko hutofautiana, na muda wa kupima hutofautiana. Zote zinatuonyesha kwamba ujuzi unaoleta pesa mara nyingi ni wa vitu vidogo vya kila siku, na ule wa mtaani kwako hauuzwi kwenye kitabu. Anao mama aliyekaa sokoni miaka 15.

Meneja mzuri ni mwalimu

Hapa tuchepuke kidogo hadi Marekani, kwa sababu kuna swali ambalo kioski haliwezi kulijibu: bosi hasa ana kazi gani? Edward Lazear, Kathryn Shaw na Christopher Stanton walipata takwimu za kampuni moja kubwa ya huduma ambako kazi ya kila mfanyakazi ilipimwa kwa kompyuta, na watu walihamishwa mara kwa mara kutoka bosi mmoja hadi mwingine. Waligundua, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015, kwamba kumtoa bosi aliye katika asilimia 10 ya chini na kumweka aliye katika asilimia 10 ya juu ni karibu sawa na kuongeza mtu mmoja katika timu ya watu 9. Na sehemu kubwa ya mchango wa bosi mzuri ilitokana na kuwafundisha watu kazi kuliko kuwasukuma.

Kwa hivyo ukimwajiri kijana wa kukusaidia kisha ukawa unampigia kelele tu kutwa nzima, unalipa mshahara lakini hujengi mtaji. Mwonyeshe kwa nini unaagiza maziwa katoni mbili Jumatatu na tatu Ijumaa. Dakika kumi hizo ni uwekezaji.

Swali gumu: imani

Turudi kwa wasiwasi wa wale wenye viwanda wa India. "Nikimwachia mtu, ataniibia." Tusijifanye kwamba haitokei. Inatokea. Lakini tazama kilichotokea kwenye matatu za Nairobi.

Mwenye matatu hana njia ya kukaa ndani ya gari siku nzima. Kwa hivyo huweka tageti: dereva lazima alete kiasi fulani jioni, kinachobaki ni chake. Mwenye gari hajui gari limeendeshwaje, na dereva akibanwa na tageti kubwa hukimbiza gari juu ya matuta na mashimo. Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer waliweka vifaa vya kufuatilia safari katika matatu 255. Baadhi ya wenye magari, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipewa programu ya simu ya kuona taarifa hizo.

Waliopewa taarifa walibadilisha masharti, na mojawapo ya mabadiliko ni kwamba walishusha tageti. Madereva wakaendesha kwa namna isiyoumiza gari, gharama za ukarabati zikapungua, faida ya mwenye gari ikapanda, na biashara zao zikakua.

Tunaipenda hadithi hii kwa sababu watu wengi hudhani rekodi ni rungu la kumkamatia mfanyakazi. Hapa rekodi ilimpa bosi utulivu wa kupunguza shinikizo. Na inamlinda mfanyakazi pia: pesa zikipungua jioni, yule aliyefanya kazi safi ana ushahidi wake. Bila rekodi, mwaminifu na mwizi wanafanana.

"Nikimfundisha, ataondoka"

Sasa turudi kwa Becker na aina zake mbili za ujuzi. Ujuzi unaofaa popote una bei sokoni. Kijana akishajua kushona suti, kuna mtu atamlipa kwa hiyo kazi. Kama si wewe, ni mwingine. Ndiyo maana katika jua kali mwanafunzi hulipa fundi ama hufanya kazi kwa pesa kidogo wakati anajifunza: anachangia gharama ya kitu atakachoondoka nacho. Akishaiva, usimlipe kama mwanafunzi ukategemea atabaki.

Ujuzi wa duka lako pekee ni tofauti. Huo gharama yake ni yako, na nyote mnapoteza akiondoka. Kwa hivyo ni busara mgawane faida yake: nyongeza ndogo mauzo yakipita kiwango mlichokubaliana, kwa mfano.

Kutoka Uganda kuna utafiti unaogusa hapa, uliochapishwa mwaka 2020 na Livia Alfonsi na wenzake. Vijana wengine walifunzwa miezi sita katika vyuo vya ufundi, wengine walifunzwa kazini na waajiri. Makundi yote mawili yalipata kipato zaidi, lakini wa vyuoni walifaidika kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu walikuwa na ujuzi wanaoweza kuuthibitisha kwa mwajiri mwingine. Waliofunzwa kazini hawakuweza kuhama kwa urahisi hivyo. Kwa mwajiri, maana yake ni kwamba hofu ya "ataondoka kesho" mara nyingi ni kubwa kuliko ukweli. Kwa wewe uliyeajiriwa na unasoma hapa, maana yake ni nyingine: tafuta cheti ama barua ya kuthibitisha unachokijua.

Jaribu haya wiki hii

1. Andika kazi zote unazofanya dukani kwa siku moja, kuanzia kufungua hadi kufunga. Weka alama kwa zile ambazo ni wewe pekee unayezijua. Chagua moja na uanze kumfundisha mtu.

2. Kwa siku saba, weka daftari kando ya kaunta. Kila mteja akiondoka bila kununua, andika sababu: hakuna chenji, bidhaa imeisha, bei, ama foleni. Siku ya nane jumlisha.

3. Mfungulie mhudumu wako nafasi yake kwenye till, yenye namba yake ya siri. Usimpe PIN yako hata kama ni ndugu wa damu. Malipo yakipita kwa kila mtu na nafasi yake, hakuna atakayelaumiwa kwa kosa la mwenzake.

4. Fungeni hesabu pamoja kila jioni: ripoti ya till, pesa taslimu, madeni na bidhaa zilizobaki. Dakika 15 zinatosha. Ifanyeni hata siku ambazo kila kitu kiko sawa, ili isionekane kama kesi.

5. Tafuta mtu mmoja mwenye biashara kama yako aliyekutangulia. Mwulize swali moja tu: "Wewe hununua wapi?" Mnunulie chai, na usimwache baada ya mwezi mmoja.

6. Ondoka dukani nusu siku kwa makusudi. Usipige simu. Ukirudi, andika kila kitu kilichokwama. Hiyo ndiyo orodha ya mafunzo yako ya mwezi ujao.

Matokeo ya tafiti ni wastani wa watu wengi. Si ahadi kwamba wewe utapata asilimia 15 ama 20. Kuna waliofunzwa na bado biashara ikafungwa. Lakini jaribio la nusu siku halikugharimu chochote, na litakuambia ukweli kuhusu duka lako ambao afisa wa mikopo hawezi kukuambia. Kama duka la kwanza haliwezi kukaa nusu siku bila wewe, mkopo wa duka la pili utakulipisha riba kwa tatizo ambalo pesa haitatui.

Ukishajaribu, tuandikie hapa chini nini kilikwama. Ripoti ya till ya siku na ya mwezi unaipata kwenye menyu ya biashara yako. Kama huijui ilipo, uliza wakala aliye karibu nawe akuonyeshe.